Jembe Lilitangulia, Cheti Kikachelewa

Tukiuliza jinsi mgeni anavyogeuka kuwa mwenyeji, historia ya nchi yetu inatupa mfano.

Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji nchini Burundi wakaingia Tanzania. Serikali iliwatengea makazi Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilishirikiana na Serikali na Umoja wa Mataifa kuwahudumia. Halikuishia kugawa chakula. Familia zilipewa ardhi, barabara zikafunguliwa, visima vikachimbwa, shule na zahanati zikajengwa. Msitu wa miombo ukawa mashamba ya mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Wageni wakajilisha wenyewe, na ziada wakaiuza.

Lakini tusiipambe historia. Ulyankulu watu walizidi uwezo wa ardhi na maji, hata maelfu wakahamishiwa Mishamo. Tena mkimbizi hakuruhusiwa kutoka makazini bila kibali. Mtoto aliyezaliwa Katumba alikua, akaoa, akalea watoto, na bado akaitwa mkimbizi. Jasho lake lilipokelewa sokoni; yeye mwenyewe hakupokelewa.

Mwaka 2007 waliulizwa: kurudi au kubaki? Walio wengi wakachagua uraia. Zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa, lakini wakatakiwa kwanza kuyahama mashamba waliyoyafyeka. Wakasubiri, si wakimbizi kamili wala raia kamili. Vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014, nao wakaruhusiwa kubaki. Ilikuwa imepita miaka 42.

Kitabu cha Ruthu kinaonyesha hatua zote mbili. Boazi alimruhusu mwanamke Mmoabu aokote masazo shambani, akawaonya vijana wasimsumbue. Hilo lilimpa chakula. Kisha Boazi akaenda langoni pa mji, akalitaja jina la Ruthu mbele ya wazee. Hilo lilimpa mahali.

Sisi wa Buswelu tuko tayari kwa hatua ya kwanza. Tunampa mgeni kazi ya kuchimba msingi au kubeba tofali. Je, tunamlipa sawa na mtoto wa nyumbani? Je, jumuiya yetu inamjua kwa jina, au kwa mahali alikotoka tu? Shamba tumelifungua. Twende naye hadi langoni.