Njia ya Neno la Kiingereza katika Nyanda za Juu Kusini

Elimu ya shule ilipoingia Rungwe mwaka 1891, kwa mikono ya wamisionari Wajerumani wa Kanisa la Moravian na wenzao wa Misheni ya Berlin, haikuja na Kiingereza. Mafundisho ya dini yalianzia katika lugha za wenyeji, hasa Kinyakyusa, huku maofisa wa serikali ya Ujerumani wakikitumia Kiswahili katika utawala, na hata neno «shule» lenyewe ni la Kijerumani. Kiingereza kilipata nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilipokabidhiwa Waingereza, na kuanzia hapo mtoto wa Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kinyakyusa aliyetaka elimu ya juu alilazimika kupita katika lugha tatu: ya nyumbani, ya shule ya msingi, na ya mtihani.

Mpangilio huo uliamua namna msamiati, yaani jumla ya maneno ya lugha, ulivyofundishwa. Kwa kuwa Kiswahili kilitawala madarasa ya chini na Kiingereza kikashika hatamu katika madarasa ya juu, maana ya neno geni haikuelezwa kwa lugha ya mama bali kwa Kiswahili, ambacho kwa wanafunzi wengi wa Iringa na Mbeya kilikuwa nacho lugha ya kujifunza. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 ili kusimamia Kiswahili sanifu, ilitoa mwaka 1939 kamusi mbili kubwa, moja ya Kiingereza na Kiswahili na nyingine ya Kiswahili na Kiingereza, zilizotayarishwa chini ya Frederick Johnson. Hizo zikawa msingi wa kazi ya walimu kwa miongo mingi.

Kamusi ya lugha mbili hutoa maana upesi, lakini matumizi, yaani jinsi neno linavyokaa katika sentensi na linavyochagua maneno ya kuandamana nalo, ni jambo jingine. Kitenzi «kuazima» kinatosha kuonyesha tatizo. Kwa Kiswahili anayechukua kitu kwa ahadi ya kukirudisha huazima, na anayekitoa huweza kusemwa kuwa ameazima vilevile, lakini Kiingereza kina «borrow» kwa wa kwanza na «lend» kwa wa pili, wala hakivumilii kubadilishana. Ndivyo ilivyo pia kwa «mkono», ambao kwa Kiswahili huanzia begani hadi ncha za vidole, ilhali Kiingereza huugawa kuwa «arm» na «hand». Mwanafunzi aliyekariri orodha ya maneno na tafsiri zake, hata akapata alama zote katika jaribio, aliweza kukosea kila alipoyatumia, na kosa hilo halikutokana na uvivu wake, bali na kipimo kilichopima maana peke yake.

Wataalamu wa ng'ambo walikuwa wameliona jambo hilo mapema. Michael West, aliyefanya kazi Bengal, alitunga vitabu vya kusoma vilivyopangwa kwa ngazi, vyenye maneno machache yanayorudiwa mara kwa mara, na mwaka 1953 ikatoka orodha yake ya maneno ya msingi yapatayo 2,000. A. S. Hornby, mwalimu nchini Japani, aliandaa kamusi ya mwaka 1942 iliyofafanua neno kwa maneno mepesi ya Kiingereza na kuonyesha miundo ya sentensi inayolihusu. Njia hizo mbili zilihitaji vitabu vingi vya kusoma, nao wingi huo ndio uliokosekana vijijini.

Ni vyema kukumbuka kwamba kuna maneno ya Kiingereza yaliyoingia Nyanda za Juu bila darasa lolote. Vijana wa Iringa, Njombe na Mbeya waliokwenda kwa mkataba katika mashamba ya mkonge ya Tanga waliitwa manamba, jina lililotokana na namba aliyopewa kila kibarua, na hakuna aliyehitaji kufundishwa matumizi yake, kwa sababu neno lilimfikia pamoja na kazi, ujira na masharti yake.

Mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, lakini uliacha pengo kubwa kwenye mlango wa kidato cha kwanza, ambako karibu masomo yote yalifundishwa kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu ya miaka ya 1980 hadi 1982, iliyoongozwa na Jackson Makweta, mbunge wa Njombe, wilaya iliyokuwa wakati huo ndani ya Mkoa wa Iringa, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika katika sekondari mwaka 1985. Serikali ililikataa pendekezo hilo. Mwaka 1984 uchunguzi wa watafiti Criper na Dodd ulibaini kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuweza kujifunza masomo yao kwa Kiingereza walichokuwa nacho, na mradi wa kuimarisha Kiingereza ulioanza mwaka 1987 ulipeleka shuleni vitabu vya kusoma vya ngazi mbalimbali, takriban miaka 60 baada ya West kuutetea mtindo huo. Msaada huo ulichelewa, na mzigo wa kuchelewa huko uliwaangukia walimu na wanafunzi. Hadi leo mitihani ya masomo mengi ya kidato cha nne huandikwa kwa Kiingereza.