Uongozi wa Mahakama za Kenya: Tangu Mabaraza ya Wenyeji hata Msajili Mkuu



Si haba miongoni mwetu waliohadithiwa na baba zao habari za zamani, pale Mkuu wa Wilaya alipokuwa ndiye msimamizi wa kodi, ndiye bwana wa machifu, na tena ndiye mwenye kuzikagua hukumu za mabaraza ya wenyeji. Ndivyo ilivyoamriwa na Sheria ya mwaka 1930. Ile ya 1951 iliyapa mabaraza hayo jina la Mahakama za Waafrika, lakini haikuuondoa mkono wa utawala wa wilaya. Je, aliyeonewa na chifu angeshtaki kwa nani? Wahenga walikwisha sema: usimpelekee nyani kesi ya ngedere.

Baada ya Uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1967 ilizifuta Mahakama za Waafrika, na kazi yake ikashikwa na mahakimu wa wilaya. Hata hivyo, uteuzi wa Jaji Mkuu ulibaki mkononi mwa Rais peke yake mpaka ilipokuja Katiba ya 2010.

Katiba hiyo iliugawa uongozi. Jaji Mkuu ndiye kichwa cha Idara ya Mahakama, naye husaidiwa na Naibu wake. Msajili Mkuu ndiye mtendaji mkuu wa shughuli, na ndiye atoaye hesabu ya fedha. Majaji wa Mahakama ya Rufani humchagua kiongozi wao wenyewe, na wa Mahakama Kuu vivyo hivyo. Tume ya Huduma za Mahakama humpendekezea Rais majina ya majaji, na huwaajiri na kuwaadibu mahakimu. Ndani yake wamo raia wawili wasio wanasheria, mwanamke na mwanamume.

Faida ya kuyajua haya ni kubwa. Asiyeridhika na hukumu na akate rufani. Asiwaendee wakubwa wa ofisi, kwani hao hawana idhini ya kuibadili. Ambaye faili lake halionekani na apeleke malalamiko yake kwa upande wa Msajili. Na aliyeombwa hongo na hakimu, mlango wake ni wa Tume. Zamani milango hiyo yote ilikuwa ya nyumba moja, na mwenye nyumba alikuwa mmoja. Leo ni mbalimbali, na haki ya mnyonge imo katika kuujua wake.