Je, Meli Inaweza Kukosa Nahodha?

Neno nahodha tunalitumia kila siku, hata kwa kiongozi wa timu ya mpira, bila kujiuliza lilikotoka. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni bwana wa chombo. Leo neno hilo lina kesi ya kujibu, kwani zimetokea meli zinazojiendesha. Meli ya mizigo ya Norwei, Yara Birkeland, ilianza kazi mwaka 2022 kwa azma ya kupunguza mabaharia hatua kwa hatua hadi asibaki mtu ndani.

Enzi za matanga, upepo ndio ulioamua nani ampishe nani. Meli za moshi zilipokuja, zinazokwenda hata upepo ukikataa, desturi hiyo haikutosha tena. Mwaka 1863 Uingereza na Ufaransa zilikubaliana kanuni za pamoja, na kufikia mwisho wa 1864 zaidi ya nchi 30 zilikuwa zimezipokea. Kanuni za sasa zilipitishwa London mwaka 1972 na kuanza kutumika Julai 1977.

Wanafunzi wa lugha wazitazame kanuni hizo kwa makini. Ya 5 inadai kila chombo kiwe na uangalizi kwa macho na kwa masikio, pamoja na kila nyenzo iliyopo. Ya 2 inataja tahadhari zinazodaiwa na desturi ya kawaida ya mabaharia. Kamera huweza kuitwa jicho kwa sitiari tu, nasi twaijua sitiari. Lakini mahakama itaikubali? Na desturi ya mabaharia itafundishwaje kwa kompyuta, ikiwa hata walioiandika kanuni hawakuifafanua? Hapo ndipo penye ugumu, si kwenye mitambo. Julai 1956, Andrea Doria na Stockholm ziligongana karibu na Nantucket wakafa watu 51. Zote zilikuwa na rada. Kilichokosewa ni kuisoma.

Sisi wa Uganda tusidhani haya ni ya pwani peke yake: Mei 2005 Kabalega na Kaawa, meli mbili za nchi moja, ziligongana katika Ziwa Victoria, Kabalega ikazama.

Kati ya 2018 na 2021 shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa bahari lilipitia mikataba yake, likaona kwamba maneno kama nahodha na baharia yanahitaji fasili mpya. Baadaye wajumbe wake walikubaliana kuwa kila meli ya aina hii lazima iwe na nahodha binadamu, ingawa anaweza kukaa nchi kavu. Kwa hiyo wanaoandika "meli isiyo na nahodha" wanapotosha. Tunapendekeza "meli inayojiendesha". Kwa yule anayetazama skrini akiwa ofisini, bado hatujaridhika na "mwangalizi", na tunawaomba walimu watuletee istilahi iliyo bora.