Amri ya Mtoto Mmoja katika Uchina: Faida Zake na Hasara Zake

Mamlaka ya dola juu ya raia yana mipaka mingi, na mpaka mgumu kuliko yote ni mlango wa chumba cha mume na mke. Serikali ya Uchina iliuvuka. Kwa muda wa miaka 35 hivi, tangu mwaka 1980 hata mwisho wa mwaka 2015, iliamuru kwamba mume na mke, hasa wakaao mijini, wazae mtoto mmoja tu. Historia ya amri hiyo ni mizani ya kupimia faida na hasara za serikali kuwawekea watu idadi ya watoto.

Hofu iliyozaa amri hiyo haikuwa ya bure. Hesabu ya watu ya mwaka 1953 ilionyesha zaidi ya watu milioni 580. Mwaka 1957 Ma Yinchu, mkuu wa Chuo Kikuu cha Beijing, alionya kwamba watu wakiongezeka upesi kuliko mali, akiba ya nchi italiwa yote, isibaki ya kununulia mitambo wala ya kusomeshea watoto. Alishutumiwa vikali, na mwaka 1960 akatoka katika cheo chake. Mwaka 1979 alirudishiwa heshima yake, naye ni mzee wa miaka tisini na kitu. Hesabu ya mwaka 1982 ilipita watu milioni 1,000, ilhali ardhi ya kulimika ya Uchina haikufikia sehemu moja katika kumi ya ardhi ya namna hiyo duniani.

Walakini liko jambo ambalo husahauliwa na wengi. Katika miaka ya 1970 serikali ilikuwa imekwisha kuhimiza watu waoane kwa kuchelewa, waachanishe uzazi, na wazae wachache. Himizo hilo halikukosa mkazo, lakini halikumfunga mtu kwa mtoto mmoja. Mwaka 1970 mwanamke wa Kichina alikadiriwa kuzaa watoto karibu sita. Ilipofika mwaka 1979 walikuwa hawatimii watatu. Basi mteremko mkubwa ulitokea kabla ya tarehe 25 Septemba 1980, siku ambayo Chama cha Kikomunisti kilitoa barua ya wazi kuwataka wanachama wake wazae mtoto mmoja mmoja.

Faida zilikuwako. Serikali hudai kwamba watoto milioni 400 hawakuzaliwa kwa sababu ya siasa yake ya uzazi, dai ambalo wataalamu wengi hulipinga, kwa kuwa nchi jirani zilipunguza uzazi bila ya amri. Wenye kufanya kazi walikuwa wengi na wenye kulishwa wachache, na uchumi ukapata nafasi ya kukua. Mijini binti asiye na ndugu wa kiume alipata ada ya shule na matumaini ya wazazi ambayo zamani yangalikwenda kwa kaka yake.

Hasara nazo zilikuwa nzito. Katika mwaka 1983 pekee watu zaidi ya milioni 20 walifungwa kizazi, na wengi wao hawakuulizwa hiari yao. Aliyezaa kupita kiasi alitozwa faini. Na kwa kuwa penye udhia hupenyezwa rupia, tajiri alilipa, maskini akaficha mtoto. Mwaka 2015 serikali yenyewe ilikiri kuwa watu wapatao milioni 13 hawakuandikishwa katika daftari, na asiyeandikwa alikuwa hana shule wala matibabu ya serikali.

Shambani mambo yalikuwa magumu zaidi. Binti akiolewa huenda kwa mumewe, na mkulima asiye na pensheni hutegemea mwana wa kiume uzeeni. Tangu mwaka 1984 mikoa mingi iliwaruhusu wakulima kuzaa mara ya pili ikiwa mtoto wa kwanza ni wa kike. Huruma hiyo ilikuwa kama kuandika katika sheria kwamba binti ni nusu ya mtoto. Mitambo ya kutazama mimba ilipoenea, mimba nyingi za kike zilitolewa. Kwa kawaida huzaliwa wavulana 105 au 106 kwa wasichana 100. Kufikia mwaka 2005 Uchina walikuwa wakizaliwa karibu 120.

Mwaka 2016 watu waliruhusiwa watoto wawili, na mwaka 2021 watatu. Wazazi hawakuitikia. Mwaka 2022 idadi ya watu ilipungua kwa mara ya kwanza tangu njaa kuu ya miaka 1959 hata 1961. Vijana waliolelewa peke yao wamejikuta wawili wakiwatunza wazee wanne, na gharama za nyumba na shule zimewatisha. Mahimizo ya miaka ya 1970 yalileta sehemu kubwa ya faida iliyotafutwa. Amri ya mwaka 1980 iliongeza faida kidogo kwa bei kubwa, na waliolipa zaidi bei hiyo ni mama, binti na maskini wa shamba. Dola iliweza kuwazuia watu wasizae, lakini haikuweza kuwarudishia hamu ya kuzaa.