Jinsi Wafungwa Wanavyopimwa Marekani

Wasomaji wengi watakumbuka mabomu yaliyopasuka Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, yakaua watu zaidi ya 200. Mwaka 2001 watu wanne walihukumiwa mjini New York kifungo cha maisha kwa ajili ya jambo lile, na mmoja wao alikuwa mtu wa Zanzibar. Huyo alipelekwa gereza la Florence, katika jimbo la Colorado. Tumeulizwa mara nyingi, gereza hilo ni la namna gani? Ili kujibu imetupasa kuanza mbali kidogo.

Marekani ni muungano wa majimbo, na kila jimbo lina magereza yake. Zamani serikali kuu iliwaweka wengi wa wafungwa wake katika magereza hayo ya majimbo, hata mwaka 1891 ikatunga sheria ya kuwa na matatu yaliyo yake yenyewe. La Leavenworth, katika Kansas, lilijengwa kwa mikono ya wafungwa. Watu wakapandisha kuta za kujifungia wenyewe. Mwaka 1930 ikaundwa idara moja ya kuyasimamia yote.

Mwaka 1934 idara hiyo ikafungua gereza katika kisiwa cha Alcatraz, mbele ya mji wa San Francisco, kwa ajili ya wale walioshindikana kwingineko. Chakula, nguo, malazi na matibabu vilikuwa haki ya kila mfungwa. Mengine yote, hata kazi na barua, aliyapata kwa mwenendo mwema. Watu 36 walijaribu kutoroka. Lakini kisiwa kile hakina chemchemi, hata maji yaliletwa kwa chombo, na gharama yake ilikaribia mara tatu ya gereza jingine. Kikafungwa mwaka 1963.

Siku hizi mfungwa hupimwa kwa alama. Hutazamwa ubaya wa kosa lake, kama aliwahi kutoroka au kupiga watu, tena umri wake: kijana aliye chini ya miaka 25 huongezewa alama 8, na mzee wa miaka 55 haongezewi hata moja. Asiyemaliza shule huongezewa pia. (Sisi walimu tulicheka tulipoyasoma hayo, kisha tukanyamaza.) Mwenye alama chache hupelekwa kambi, ambayo mara nyingi haina hata ua, mwanamume mwenye 24 au zaidi hupelekwa gereza la ulinzi mkali, lenye kuta au nyua mbili na minara ya askari. Lakini hesabu si yote, kwani wakubwa wa idara waweza kumhamisha mtu kwa sababu nyingine, na juu ya daraja zote liko Florence.

Hilo lilizaliwa kwa damu. Gereza la Marion, katika Illinois, lilipokea wafungwa wagumu baada ya Alcatraz. Tarehe 22 Oktoba 1983 askari wawili waliuawa humo siku moja. Wafungwa wote wakafungiwa vyumbani, na hali ile ikadumu miaka 23. Florence, lililofunguliwa mwaka 1994, lilijengwa tangu msingi kwa desturi hiyo. Kitanda, meza na kiti ni vya zege. Dirisha lina upana wa inchi 4. Na wengi hukaa peke yao saa 23 kwa siku.

Tena upweke huu si mpya. Mwaka 1829 Wakristo wa Philadelphia walifungua gereza ambamo kila mtu alikaa peke yake na Biblia, wakitumaini ya kuwa atatubu. Wengine wakarukwa na akili.

Sisi tuliozika ndugu zetu mwaka 1998 hatuombi kuta zilegezwe. Hata hivyo twaona ya kuwa wale wa Philadelphia walitafuta toba, na Florence hutafuta usalama tu. Mwaka 2012 wafungwa wenye maradhi ya akili waliishitaki idara, wakisema upweke unawazidishia ugonjwa. Mapatano yalithibitishwa na mahakama mwaka 2016, na wengi wao wakahamishwa.