Mwalimu wa Kisomo katika Nchi ya Migomba: Bukoba, 1968–1972

Miembeni, kata ya mji wa Bukoba, ina jina la Kiswahili kitupu, na jina hilohilo liko Unguja mjini. Mji huu ulianza kuwa kituo cha Wadachi mwaka 1890, alipofika Emin Pasha, na Kiswahili kikaota mizizi humo pamoja na serikali, askari na biashara. Vijijini, Kihaya kilibaki kuwa lugha ya nyumbani na ya shambani. Mpaka huu wa lugha, usioonekana katika ramani, ndio uliomkabili kila mwalimu aliyefundisha kusoma katika nchi ya Wahaya.

Mwaka 1965 mawaziri wa elimu wa mataifa mengi walikutana Tehran kuzungumzia namna ya kuondoa ujinga wa kutojua kusoma. Kutokana na shauri hilo, Unesco ilisaidia miradi ya majaribio katika nchi kadhaa, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Mradi wake ulianza mwaka 1968 katika mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, mkoa ambao tangu 1979 unaitwa Kagera. Makao yake yalikuwa Mwanza. Kisomo hicho kiliitwa kisomo chenye manufaa, kwa kuwa mtu mzima alifundishwa herufi pamoja na kazi yake: mkulima wa pamba alisoma habari za pamba, na mkulima wa migomba habari za migomba.

Utaratibu wa somo ulitofautiana na ule wa kukariri a, e, i, o, u. Kwanza darasa lilizungumza juu ya kazi. Ndipo ikasomwa sentensi fupi, likatolewa neno, na neno likagawanywa silabi. Kwa mfano, neno samadi hugawanyika sa-ma-di. Kutoka hapo mwanafunzi huweza kuunda dada, sisi na sima. Faida yake ni dhahiri: msomaji huanza na maana, kisha hushuka kwenye sauti, kisha hupanda tena kwenye maana mpya.

Lakini katika nchi ya migomba palikuwa na jambo la pili. Mwanafunzi alijua kazi kuliko mwalimu wake. Wahaya wana elimu ya kale ya shamba: kibanja ni shamba la migomba lizungukalo nyumba, na rweya ni mbuga ya nyasi. Nyasi za rweya hutandazwa kibanjani, na ng'ombe walishwao rweya huleta samadi huko huko. Hivyo rutuba ya mbuga huhamia shambani. Mkulima aliyeyajua hayo tangu utoto hakuhitaji kuambiwa kwamba samadi hufaa. Alihitaji kuona jinsi maarifa yake yanavyoandikwa.

Hapo ndipo lugha ilipoleta mtego. Neno kibanja ni ndugu wa kiwanja cha Kiswahili, na asili yao ni moja. Hata hivyo kiwanja ni mahali peupe, na kibanja ni mahali palipojaa migomba. Tena Kihaya huanza jina kwa irabu, ekibanja, ambayo Kiswahili hakina. Mwalimu aliyefuata kitabu tu angeweza kudhani kuwa neno limeeleweka kwa sababu limesikika kama la nyumbani. Mwalimu hodari aliuliza kwanza, akapokea jibu kwa Kihaya, kisha akaliweka neno la Kiswahili kando yake na kuonyesha tofauti. Kihaya hakikuwa adui wa Kiswahili katika darasa hilo. Kilikuwa daraja lake.

Baadhi ya walimu wa kazi hii walikuwa walimu wa shule za msingi, waliofundisha watoto kwanza na watu wazima baadaye. Mtoto huweza kuitikia silabi asizozielewa kwa sababu ameamriwa. Mtu mzima huacha kuja. Kwa hiyo darasa la jioni lilikuwa hakimu mkali wa ufundishaji, na lilimpa mwalimu mwenye busara somo la kupeleka katika darasa la asubuhi.

Mradi ulikwisha mwaka 1972, na vitabu na taratibu zake zikatumika katika kampeni ya taifa zima. Mwaka 1967 kadiri ya watu wazima 67 katika mia hawakujua kusoma. Baada ya mtihani wa Agosti 1975 ilitangazwa kuwa wamebaki 39. Hesabu hizo ni kubwa, lakini zinapima waliofaulu, hazipimi walivyofundishwa. Mazungumzo ya mwanzo wa somo hayaingii katika mtihani, kwa hiyo ndiyo huwa ya kwanza kukatwa muda unapokuwa mfupi na wanafunzi wanapokuwa wengi. Yakikatwa, kitabu cha migomba hugeuka kitabu cha silabi, na mkulima hukaa mbele yake kama mgeni katika kibanja chake mwenyewe.