Udhibiti wa Maandishi Magerezani nchini Marekani, 1974–2006

Mwaka 1974, katika shauri la Procunier dhidi ya Martinez, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha kanuni za California za kudhibiti barua za wafungwa. Hoja yake haikutegemea haki za mfungwa pekee. Aliye nje, anayemwandikia, naye ana haki yake. Udhibiti haukupaswa kuvuka kiwango kinacholazimu.

Msimamo huo haukudumu. Shauri la Turner dhidi ya Safley (1987) lilitosheka na uhusiano wenye mantiki kati ya kanuni na malengo halali ya gereza. Mwaka 1989, katika Thornburgh dhidi ya Abbott, lililohusu machapisho 46, kipimo hicho kilielekezwa kwa vitabu na majarida yaingiayo gerezani. Mahakama iliridhia hata kuzuiwa kwa toleo zima kwa sababu ya sehemu yake moja, ingawa kuondoa kurasa husika tu kungemwachia mfungwa zilizosalia. Mzigo wa kuthibitisha ulikuwa umehama: gereza halikudaiwa tena kuonyesha ulazima, bali mfungwa alipaswa kuonyesha kwamba kanuni haina mantiki. Uzito wake ulidhihirika mwaka 2006 katika Beard dhidi ya Banks. Wafungwa wapatao 40 wa Pennsylvania walinyimwa magazeti na majarida ili wajirekebishe, wakashindwa.